Udalali

Raskazone kwanza: geti, mbwa, bahari hadi dirishani.
Khadga akauliza kodi, kisha akainama
kufunga kamba ya kiatu iliyokwishafungwa.
Sahare, chokaa mbichi, vyumba vitatu;
mwanawe akanong'ona: hapa hakuna watoto.

Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
Dilmaya alisimama uani kwa Bi Mwanakheri, ananusa.
Adesi, na kitunguu kinachoanza kuungua.
Akashika mwiko, akakoroga, sufuria si yake.
"Chumvi," akasema.
Kiswahili chake chote siku ile.

Nikamwambia paa linavuja.
Dalali gani husema hivyo?
Hakunisikia, keshavua viatu.

Tanga twasema waja leo, waondoka leo.
Mwaka wa sita huu.
Paa bado linavuja.