Deni

Ambakisye alishindwa kulipa madebe mawili ya viazi,
akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha pareto.
"Shika huyu, tusidaiane."
Nikamwita Deni.

Isongole ukungu haupigi hodi.
Unaingia hadi jikoni, unakaa.
Alfajiri nikienda shamba silioni hata jembe begani;
nasikia pumzi yake tu, mbele,
akisimama penye mtaro mpaka nivuke.

Mwaka ule wa mayai kupotea
nilimpiga kwa mwiko wa ugali,
nikamfungia nje,
na baridi ya Juni mnaijua.
Akalala palepale, akiulinda
mlango uleule niliomfungia.
Siku ya tatu nikamfuma kanu kwenye kiota,
ganda bado mdomoni.

Nikatoka, nikakaa kwenye gogo.
Mbwa huombwaje radhi?
Akaja akichechemea,
akaweka kidevu juu ya buti langu la mvua,
akashusha pumzi ndefu
kama mtu aliyetua kuni.

Juzi Ambakisye kavuna, kaja na madebe yake mawili.
"Nirudishie mbwa wangu," ananitania.
Beba viazi vyako, nikamwambia.
Anayedaiwa hapa ni mimi,
na sijafika hata nusu.