Kilango cha Mwanga

Kamera yangu imeanza kukohoa.
Miaka kumi na mitatu nimeibeba
chini ya koti, kama mkate wa moto,
katika mvua ya Bergen isiyojua kuaga.
Ngozi ya mshikio ilibanduka,
nikaibandika kwa gundi ya kazini,
maana kazi yangu ni meno:
nachonga magego ya watu nisiowajua,
na Jumapili napiga picha.

Mwaka huu kodi imenirudishia kroni elfu kumi na tisa.
Nikazitia kwenye bahasha, nikaiandika: JICHO.

Eskil, mtoto wa kaka yangu, ana majibu kabla ya swali.
"Chukua yenye kihisi kikubwa, shangazi,
megapikseli arubaini na tano,
utahesabu manyoya ya shakwe aliye ng'ambo ya bandari."
Nikamwuliza nitayahesabu kwa ajili ya nani.

Usiku nikasoma vipimo hadi macho yakaota mchanga:
gramu, betri, kasi, unyevu haupenyi.
Kila niliyoichagua saa tano
niliikataa saa sita.
Kipya kinyemi, walisema waliotangulia, kingawa kidonda;
mimi nilijikuna hata kidonda sina.

Jumamosi nikaenda dukani kwa Torgeir
pamoja na baba, kwa kuwa Jumamosi ni zamu yangu ya baba.
Oddvar, fundi wa injini za meli miaka thelathini na minne,
macho yake yalizimika kama bwawa linavyoganda:
kwanza kingoni, kisha katikati.

Torgeir akaniwekea ile mpya kiganjani.
Nyepesi. Nikamgeukia baba kando ya rafu ya mikoba.
"Tabasamu, baba." Akatabasamu.
Nikapiga. Nikapiga tena. Haina sauti hata chembe,
inaiba nuru ikiwa imevaa soksi.
Picha kumi na mbili, kila kope mahali pake,
na baba bado anatabasamu,
meno ya juu, niliyomtengenezea mimi, yameanza kukauka,
shavu linatetemeka kwa uchovu.
"Vipi," akasema bila kusogeza midomo,
"mbona hupigi?"

Kumbe.
Miaka yote hii ule mkwaruzo wa kilango
ndio uliokuwa ukimwambia: basi, pumzika,
umeshaonekana.

Torgeir hakusema neno. Akafungua kabati la mitumba,
akatoa tano, akazipanga juu ya kaunta,
na baba akainama, sikio karibu na chuma,
kama alivyoinamia pistoni zamani.
"Hii ina pafu bovu."
"Hii iliwahi kulowa, inaficha."
"Hii makelele matupu, ingegombea ubunge."
Ya nne ikamnyamazisha. "Tena."
Nikabonyeza. "Tena."
"Hii," akasema, "inafunga mlango kama mtu mwenye adabu:
haubamizi, lakini unajua ametoka."

Ina mchubuko begani. Kihisi chake kina umri kuliko gari la Eskil,
na gizani picha zinatoka na chengachenga, kama ugali ulioharakishwa.
Kroni elfu sita na mia nne, mkanda wa bure.

Sitadanganya: ile ya kimya bado naiwaza.
Niliiwaza sana juzi kanisani, kwaya ikiwa imeshusha sauti,
nilipobonyeza mara moja tu
na safu nzima ya mbele ikageuka.
Bahasha ingali kwenye droo. Huenda mwakani.

Lakini Jumamosi ile, tulipotoka dukani,
baba alisimama chini ya mwavuli, akanyoosha kola,
akaelekeza uso kwenye kituo cha basi
akidhani ndipo nilipo.
Sikumrekebisha. Nikazunguka, viatu vikifyonza maji,
mpaka nikafika mbele ya tabasamu lake.
Nikabonyeza.
Akafunga mdomo.
"Haya," akasema, "sasa kahawa."