Kahawa ya Fundi Mcha

Kila tulipofika kwenye kuchanganya
Fundi Mcha Vuai alishikwa na kiu.
"Silima, nenda Malindi kaniletee kahawa."
Na Malindi si karibu ukitokea Kajificheni,
kwa mtoto wa miaka kumi na sita
aliyebeba dele la moto na vikombe viwili,
vichochoro vyote vinateleza.
Nikirudi, lipu ishakuwa lipu,
ndoo imefunikwa gunia.
Kahawa, mara nyingi, hakuinywa.

Basi nikaisoma ndoo.
Jioni wenzangu wakienda kuoga pwani
mimi nakwangua makombo kwa ukucha,
nayasugua kiganjani, nayatia ulimini:
chokaa hii imelala siku ngapi?
Mchanga huu wa shimo, au wa pwani wenye chumvi?
Ulimi ukababuka. Mama akadhani nimeanza tambuu,
akanitia kofi.
Miaka tisa nilisoma hivyo,
herufi moja moja, kwenye uchafu wa mtu.

Tulimzika Alkhamisi.
Jumamosi ofisi ikatafuta fundi wa chokaa.

Ile nyumba ya Kiponda walikuwa wameshaipiga saruji.
Mwaka wa pili ukuta ukaanza kutoka jasho,
wa tatu ukatoa unga mweupe,
wa nne lipu ikabanduka nzima nzima
na ngozi ya jiwe ikafuata.
Matumbawe yanapumua. Ukiyaziba pua
yanakufa taratibu, hayapigi kelele.
Wahandisi watatu walisimama chini wakitazama juu.
Mmoja akaniuliza, "Mko wangapi mnaoijua kazi hii?"
Nikainua kidole,
nikakiona kilivyo peke yake,
nikakishusha.

Sasa nimepewa vijana.
Ussi, ana cheti na viatu vipya.
Shaame wa Makunduchi, hasemi,
anapima kila kitu kwa shibiri kisha kwa futi, haamini vyote viwili.
Na Kazija binti Foum, aliyekuja na daftari.
"Uwiano gani, fundi?"
Tatu kwa moja.
"Tatu za mchanga mkavu au mbichi?
Maana mchanga mbichi unavimba kwenye ndoo."
Swali hilo sikuwahi kulisikia,
wala mimi sikuwahi kumuuliza mtu.
Nilikuwa Malindi.

Jana tukafika.
Chokaa imelala shimoni miezi mitatu,
nzito, laini, kama samli iliyoganda.
Mwiko mkononi.
Vichwa vitatu vimeinama juu ya karai,
na mimi koo likanikauka.
Wallahi, kiu ya kweli.
Mkono ukaingia mfukoni wenyewe
ukaishika noti ya elfu mbili,
mdomo ukafunguka: "Kazija..."

Akainua uso, kalamu tayari.

Labda na yeye Fundi Mcha alitumwa.
Labda na aliyemtuma.
Msururu mrefu wa watoto na madele
na nyuma yao kuta zinabanduka.

"Kazija, sogea. Hapo ulipo husikii.
Ukipitisha mwiko, sikiliza.
Ikikwaruza, bado. Ikinong'ona, acha kuipiga."
Akaandika *inanong'ona*, akapiga mstari chini.
"Inanong'ona vipi, fundi?"
Nikatafuta neno. Sina.
Nilichonacho kiko kwenye kifundo cha mkono
na hakijui kusema.
Nikampa mwiko.

Akaharibu ukuta, hatua mbili nzima.
Ussi akacheka, akapewa naye, akaharibu zaidi.
Shaame akaipiga, akainamisha sikio,
akatikisa kichwa, akaendelea kuipiga.

Nikatoa noti.
Nikaenda Malindi mwenyewe,
nikapita njia ndefu ya kuzunguka sokoni,
nikamsalimu kila niliyemkuta.
Nilirudi na dele na vikombe vinne.
Ndoo ilikuwa wazi.
Ukutani palikuwa na kosa jipya,
si langu,
wala si la Fundi Mcha.
Tukakaa kwenye mifuko mitupu,
tukalitazama,
tukanywa.