Bega la Kushoto

Leipzig, ghorofa ya tatu, harufu ya wino na tapentaini.
Mimi Irmtraud Kessling, mchonga linoleamu,
ndimi niliyewachonga wanadamu wote.

Bwana Opitz alitaka historia ya dunia
ienee kuta nne za ukumbi,
kuanzia ngano ya kwanza hadi mwezi uliopita.
Akasema: karne moja, shubiri moja.
Akasema: sanamu moja, watu laki tano.
Akasema: uso usiwepo.
Ukimpa uso, watu watamuuliza jina,
na jina likishaulizwa, hesabu imekwisha.

Basi nikachonga mtu asiye na pua:
koti, miguu iliyoshikamana,
na kofia ya shemeji yangu, ile ya Jumapili.

Kisu kikateleza.

Pengo dogo, punje ya ufuta tu,
kwenye bega la kushoto.
Saa nne usiku, na kipande kilikuwa cha mwisho.
Opitz, miwani mfukoni, akasema: Chapa.

Nikachapa.
Wahunzi wa shaba wakatoka na bega bovu.
Warumi nao. Wajenzi wa Angkor nao.
Wafu wa tauni niliwachapa kwa wino wa kijivu,
safu juu ya safu, hadi karibu na dari,
wote wameinama upande mmoja
kana kwamba gunia ni lile lile
na wanapokezana.

Watumwa hawakuwa sanamu, walikuwa mshale
kutoka bara hadi bara.
Nilitaka mshale ule uupasue ukuta.
“Unene ni hesabu, Bibi Kessling, si hasira.”
Alipokwenda kunywa kahawa nikaongeza milimita mbili.
Asubuhi nikazikwangua mwenyewe.
Sijui hadi leo kama nilitubu au niliogopa.

Machi, mwaka thelathini na mbili, milango ikafunguliwa.
Lothar alikuja amevaa koti lake la kazi,
ingawa kazi hakuwa nayo, mwezi wa kumi na nne huo.
Aliipita ngano, akaipita tauni,
hakusimama hata kwa Warumi,
akaenda moja kwa moja ukuta wa nne, pembeni,
penye maandishi: WASIO NA AJIRA.

Akahesabu kwa midomo.
“Kumi na wawili tu?”
“Kila mmoja ni laki tano.”
“Na mimi?”
Nikatazama viatu vyangu.
Shule nzima ya watoto ilikuwa nyuma yetu,
mwalimu wao akisoma tarehe kwa sauti.

Lothar akanyoosha kidole
akakiweka penye lile pengo,
begani mwa mtu wa saba.
Mlinzi akapiga kelele: Usiguse!
Wino ulikuwa bado mbichi.

Usiku ule alikunywa supu ya viazi
kwa kidole cheusi.
Nilimpa sabuni.
Akaiweka kando ya sahani, akaendelea kula.