Alama za Vakho

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha jiografia
katika shule ya matofali mekundu, mjini Kutaisi.
Mito niliichora kwa chaki ya buluu,
milima kwa ya kahawia, ile isiyofutika vizuri,
na sikuwahi kulowesha unyayo
katika hata mmoja wa mito hiyo.
Mshahara mfupi, njia ndefu.

Nilipostaafu, Nargiza wa hesabu alinijia jikoni:
"Tsiala, ramani hailiki. Funga mzigo."
Eteri wa maktaba naye akatokea na mto wake,
wa kulalia, wenye foronya ya maua.
Nikamwambia, huo nao sijawahi kuuvuka.
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi likatupandisha Svaneti,
kona juu ya kona, masikio yakiziba,
Nargiza akihesabu madaraja kwa sauti
na Eteri akiwa amefumba macho toka la tatu.
Tuliposhuka, hewa ilinukia moshi na majani yaliyofyekwa jana.
Minara ya mawe imesimama kati ya nyumba
kama wageni waliokataa kuketi.

Mwenyeji wetu, Mzia, hakutuuliza habari za safari.
Alituuliza kama tuna njaa, na hakungoja jibu.
Akaleta mkate ulioshindiliwa nyama,
mafuta yakichuruzika hadi kwenye kiwiko;
akaleta viazi vilivyopondwa na jibini,
ukiinua kijiko, uzi unakufuata mpaka shavuni;
na chumvi ya kwao, iliyotwangwa na kitunguu saumu
na mbegu ambazo hakutaka kuzitaja.
"Kula kwanza," alisema. "Majina hayashibishi."
Mimi, niliyewakaririsha watoto majina thelathini na mmoja!

Asubuhi akaja kijana wa kututembeza,
mfuga nyuki, mabega mapana, ndevu za wiki.
Alinitazama kidogo tu. "Shikamoo, mwalimu."
Kumbe Vakho. Yule wa dirishani.
Yule aliyewahi kuchora mto wa bonde hili,
mto mdogo, jina lake refu kuliko maji yake,
akaukunja katikati kama mkono uliobeba mtoto.
Kitabuni ulikuwa umenyooka.
Nilimpa mbili juu ya kumi, kwa wino mwekundu,
nikaandika pembeni: *Umeota?*
Aliinua mkono kutaka kuniuliza kitu.
Kengele ikalia, nami nikaiacha ilie.

Tulipita katikati ya maua ya manjano yenye kimo cha kiuno,
tukipishana na ng'ombe wasiotujali,
barafu ya mlimani inang'aa mpaka inaumiza jino.
Vakho alitembea mbele, akiwashika mkono wenzangu penye utelezi,
akitulambisha asali kwenye ncha ya kisu chake.
Chungu kidogo, kisha tamu, kisha chungu tena.

Halafu njia ikashuka, na mto ukawa pale.
Umekunjwa. Kama mkono uliobeba mtoto.
Ndani ya kunjo lake, nyumba moja imeezuliwa.
"Kwa bibi yangu," akasema. "Kila likizo nililala pale."
Hakuongeza neno.

Kuuliza si ujinga, niliwaambia kila muhula.
Kujibu, nyakati nyingine, ndio ujinga.

Nikavua viatu, soksi, nikaingia.
Baridi iling'ata mifupa, kokoto zikanihama chini ya nyayo.
Nilitaka kumwambia jambo, lakini meno yalikuwa yanagongana,
na maneno niliyoyaandaa yalikuwa ya darasani.
Nargiza, mdomo umejaa mkate, akasema kutoka ukingoni,
kana kwamba anaongea na mkate:
"Mbili ongeza nane, ni kumi."

Vakho akacheka, akanipa mkono.
"Toka, mwalimu. Maji haya hayamjui mtu."
Eteri alikwisha kulala nyasini,
kichwa juu ya mto, miguu kuelekea mto,
na nyuki mmoja akizunguka maua ya foronya,
akitafuta pa kuingilia.