Makovu Arobaini

Nianze na lile moja la asili.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanagenzi
katika kibanda cha redio cha Shekue, Barani, Malindi,
kazi yangu kuchovya waya kwenye risasi na kunyamaza.
Akaja Ngumbao wa bendi ya hoteli, shati limemganda mgongoni,
gitaa jekundu kalikumbatia kama mtoto mwenye homa.
“Linanguruma,” akasema. “Na nikisogea maikrofoni, lanipiga mdomo.”

Shekue alikuwa msikitini. Nikajitia ufundi.
Nikalilaza chali, nikafungua skurubu,
na katika kuutafuta waya wa ardhi
nikasahau chuma cha kulehemu pale juu, penye pembe,
mpaka nikasikia harufu: vanishi,
kisha mti,
kisha moyo wangu mwenyewe.

Ngumbao alilitazama lile doa jeusi, ukubwa wa kunde.
Hakunipiga. Alilamba kidole, akakipitisha pale:
“Haya. Sasa hata likiibwa nitalijua.”
Waya wa ardhi sikuuona. Ngurumo ikabaki.
Akapiga nayo miaka ishirini na sita.

Sasa amekufa, na waliokuwa wakimdai wanamwita lulu.
Bwana mmoja kashuka na ndege kutoka Nairobi,
kalinunua gitaa kwa wapwa wa marehemu, kalitia sanduku la kioo,
kisha kaja kwangu na picha, rula na karatasi ya masharti.
Nakala arobaini; ya arobaini na moja hakuna.
Mti uwe mkangazi. Wekundu upauke upande wa jua.
Mkwaruzo wa mkanda, nyuma, sentimita tisa.
Kutu ya chumvi kwenye skurubu, ila isizidi.
“Na hapa,” akagonga picha kwa kalamu,
“ndipo alipokuwa akiegesha sigara yake.
Hapa ndipo penye roho. Usipakosee.”

Ngumbao hakuvuta sigara hata siku moja.
Alikuwa na pumu. Jukwaani alimung’unya mabuyu,
kokwa akizitema ndani ya mfuko wa shati.
Nilifungua kinywa kusema.
Nikaiona arubuni mezani. Nikakifunga.

Basi nimechoma.
Kosa lililonikosesha usingizi utotoni
nimelirudia kwa bei, moja baada ya moja.
La tano lilirudishwa: “Sigara haichomi hivi.”
Nilicheka mpaka Mbeyu, binti yangu, akaja kuchungulia.
Kufika la kumi mkono ulikwisha jua:
hesabu hadi tisa, inua, puliza.
Nambari, muhuri, hati ya herufi za dhahabu:
Limechakazwa kwa mkono.

“Na ngurumo?” nilimuuliza kwa simu.
“Ngurumo ni kasoro. Iondoe.
Mtu hatoi pesa zote hizi asikilize kasoro.”

Akapita mjane wake, Mama Sidi, akitoka sokoni,
akayakuta yananing’inia kwenye kamba kama ng’onda.
Aliyazunguka, kikapu kichwani, bila kugusa.
“Na lipi kati ya haya
ndilo liliwekwa rehani mwaka ule wa njaa
kwa magunia mawili ya mahindi?”
Nikamwambia: kwa mujibu wa hati, yote.
Alicheka, akashika kizingiti asianguke.
Kisha akaliona la pembeni. “Hili silijui.”

Hilo ni la kumi na saba.
Stima ilikatika chuma hakijapata moto,
iliporudi nikapaka vanishi, nikasahau kuchoma.
Lilienda zima, jekundu, halina doa.
Likarejeshwa na karatasi: Si halisi.

Liko kwangu sasa, kwenye msumari, halina nambari.
Ndilo lililoingia kibandani mwa Shekue siku ile
kabla sijanyoosha mkono.
Waya wake wa ardhi nimeukata kwa makusudi.
Usiku, Mbeyu akilala, nalichomeka.
Sipigi. Sijui kupiga.
Naketi tu karibu nalo, linangurume.