Chuma cha Kengele

Kengele yetu ni rimu ya Isuzu
iliyofia mteremko wa Kitangari kabla sijazaliwa.
Imefungwa kwa mnyororo kwenye mkorosho wa ofisini,
na chuma cha kuigongea nakitunza mimi,
Bakiri Chitanda, kidato cha tatu B,
mtunza saa nisiye na saa.

Saa naichungulia dirishani kwa mhasibu.
Ikitimia moja kamili, nagonga,
na hapo ndipo asubuhi inapoanza kisheria:
aliye mstarini yumo, aliye njiani kachelewa,
na aliyechelewa ni mali ya Mwalimu Nangomwa.

Juni ile ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma
ukakaa uwanjani kama mgeni asiyeaga.
Milingoti ya goli hatukuiona.
Tulinuka salfa sote,
maana Jumamosi tulishinda mashambani tukipulizia mikorosho,
na kola zetu zilishika umanjano usiosikia sabuni.
Bomba lilikuwa kavu siku ya tisa.
Wasichana wa bweni waliteremka saa kumi alfajiri,
tochi moja kwa watu kumi na wanne,
kufuata maji ya uji,
uji wetu sote, na wa walimu,
na wa Nangomwa mwenyewe.

Moja kasoro dakika tatu.
Somoe hayupo. Esha Namkuva hayupo.
Chini kabisa, ndani ya ukungu,
mlio wa ndoo, na mtu akisema:
"Polepole, jiwe hilo."

Mwalimu akatazama mkono wake.
"Chitanda. Kengele."

Nikaenda. Naapa nilikwenda.
Nikapeleka mkono kwenye panda ya mti
kinapolala chuma kila usiku.
Palikuwa na umande na sisimizi.

"Mwalimu, chuma hakipo."

Nyuma yangu watu mia nne hawakucheka.
Hapo nikajua.
Shule hii isiyoweza kunyamaza hata msibani,
inayobishana kipindi kizima juu ya ufagio ulioibwa,
ilinyamaza kama ukuta.
Kwa pembe ya jicho niliona mabega yakitikisika,
hili, kisha hili, kisha lile:
chuma kinasafiri migongoni,
kiganja hadi kiganja,
kwa Mchopa asiyesemeshana na Likumbage tangu mechi ya Tandahimba,
kwa Likumbage,
kwa kaka mkuu, mkali wa kuandika majina,
ambaye kalamu yake iliishiwa wino ghafla.

Mwalimu alipita mstari kwa mstari.
"Fungua mikono."
Tukafungua. Mitupu,
yenye manjano kwenye mikunjo, yenye malengelenge.

Shingoni mwake huning'inia filimbi ya kuchezeshea mpira.
Akaishika.
Akaifuta kwenye shati.
Akatazama pale njia inapomezwa na ukungu,
akauliza, wala si kutuuliza sisi,
"Wameshuka wangapi leo?"
"Kumi na wanne," alijibu mtoto wa kidato cha kwanza
ambaye hakujua bado kwamba hajibu mtu.

Filimbi ikarudi ndani ya shati.

Wakatokea mmoja mmoja,
ngata zimelowa, mabega yamelowa,
wakapita nyuma ya mistari kana kwamba ni ukungu tu unaopita,
wakatua ndoo mlangoni mwa jiko,
wakajichomeka kwenye nafasi zao.
Ya mwisho ilikuwa ya Somoe.
Ilipogusa sakafu, kitu ndani yake kililia: ngo!

Hakuna aliyegeuka.

"Chitanda," akasema mwalimu, akitazama mawingu,
"hebu katafute tena. Anzia jikoni."

Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.
Nikagonga moja kamili
saa moja na dakika kumi na moja.
Rimu ikanirushia matone usoni,
na mlio ukashuka ule mteremko
kuwatafuta watu waliokwisha kufika.

Uji wa siku ile, sitaficha,
ulikuwa na ladha ya kutu.
Mwalimu Nangomwa aliomba kikombe cha pili.